Njia Iliyopandishwa Cheo

Jumapili, 3 Juni 1951

Baada ya ibada wanaume wamekaa tena, na mume wangu Osea ndiye msemaji mkuu. Eti njia yetu ni aibu. Tunduma wana barabara, sisi tuna njia! Mdogo wake Amoni, aliyerudi majuzi kutoka migodi ya shaba, kasema kule ni striti, na kila striti ina jina la mzungu aliyekufa. Wakacheka, wakapiga makofi. Wamekubaliana tuipanue, kila nyumba kipande chake, kisha Osea akamwombe Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, aiandike barabara. Malori yaje kuchukua mahindi.

Hakuna aliyeniuliza. Kaburi la Aida wangu liko kando ya njia hiyo. Mama mkwe ndiye aliyetaka tumzike pale, asikae peke yake. Wapitao humwamkia na kumwekea jani. Miezi minne tu aliishi—na anaamkiwa kuliko mimi.

Jumatano, 13 Juni

Tumelima njia kutwa. Mikono imechubuka. Nimeacha majani kuzunguka kaburi. Osea kaona, kaendelea kulima.

Jumatatu, 25 Juni

Imeandikwa. Barabara! Osea kavaa koti la kanisani siku ya kazi.

Jumamosi, 30 Juni

Nyapara Barnaba kaja na vigingi na kamba. Njia ilikuwa yenu, kasema, lakini barabara ni ya serikali, na kando zake pia. Kigingi kimoja kimepigwa ndani ya shamba letu, kupita kaburi. Yaani mwanangu yumo barabarani! Nikamwambia pale pana mtu. Akanijibu taratibu: Mama Aida, kando ya njia mtu hukaa, barabarani hakai. Greda inakuja Jumatatu.

Jirani zetu wamepita kutazama vigingi. Leo hakuna aliyeweka jani. Nawachukia wote, na Osea zaidi.

Jumatatu, 2 Julai

Greda inasikika. Mama mkwe amekaa juu ya kaburi tangu alfajiri. Barnaba anambembeleza, Bibi, tafadhali. Hasogei.

Naandika mlangoni. Moto wa kupikia sijawasha, na sitawasha.

Osea ametoka ndani na jembe, na shuka yetu nyeupe ya harusi begani. Hana koti leo. Kasimama mbele yangu, anatazama chini. Anauliza tumhamishie wapi mtoto.

Leo ndiyo ananiuliza!