Akirudishwa, Atarudi Wapi?

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana.
Alhamisi, 14 Machi

Mpendwa kaka,

Salamu kutoka kwetu sote. Mgongo wako unaendeleaje, na baridi ya huko imepungua? Sisi wazima. Goti linamsumbua mama akipanda ngazi tu. Akikaa, ulimi hauna ugonjwa. Kitoto kinaota meno, kwa hiyo usingizi nausikia kwa majirani.

Kaka, yule bwana wa akademi ya soka uliyempa namba yangu alikuja hadi kwenye cherehani, akakalia vitambaa vya watu. Anamtaka mpwa wako. Nikitia sahihi, binti asiguse tena mpira wa mtaani, hata jioni na wenzake. Jibu analitaka Jumamosi kabla ya saa sita.

Jumamosi hiyohiyo mchana, timu ya mtaa uliyoianzisha wewe, wasichana kwa wavulana, inacheza. Akademi imeshawazoa wazuri. Wamebaki saba, na binti yangu ndiye kipa. Wakiwa chini ya saba hawaruhusiwi kuingia uwanjani. Mechi moja tulishaikosa hivyo. Tukikosa na hii, tunafutwa kwenye ligi.

Najua utasema timu ni timu, mtoto ni mtoto. Unamkumbuka Sumaku, mtoto wa fundi baiskeli, aliyekuwa akigandwa na mpira mguuni? Walimchukua, msimu ulipoisha wakamrudisha. Tangu hapo akiona wenzake hupita uchochoroni. Waliorudishwa ni wengi, kaka, na uwanjani hajarudi hata mmoja.

Nikamuuliza yule bwana, "Mkimrudisha wangu, atarudi wapi, nanyi timu mmeshaimaliza?"

Akacheka. "Mama, ngojangoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka. Tumetoshana, baba. Naomba uinuke, hiyo ni sare ya mteja."

Jana binti alitoka bila kuniaga, akarudi na Sumaku. Kijana alisimama mlangoni akitazama vidole vyake vya miguu. "Mama, jezi yangu bado ipo?"

Ipo. Sikumpa mtu. Ila mabega yamemtanuka, nimeifumua ubavuni niongeze kitambaa.

Basi wamefika wanane. Nikamwambia binti, "Sasa hata bila wewe wanatimia. Sema unachotaka." Akasema anataka kwenda, tena sana, lakini baada ya ligi. Kesho nitampa yule bwana jibu hilohilo. Akikataa kungoja, nafasi imetupita, na sitambembeleza.

Jambo moja, kaka, na usinune. Usimpigie binti pembeni tena kumwahidi ndege na viatu. Mimi ndiye ninayelala naye akilia. Ukitaka kusaidia, mpigie Sumaku. Chenga ulimfundisha wewe. Na hili la kurudi mfundishe wewe.

Msalimie wifi na wanangu. Mama anasema ule vizuri. Mungu akulinde kazini na akurudishe ukiwa na mgongo ulionyooka.

Naishia hapa, kitoto kimeamka, na ubavu mmoja wa jezi bado uko wazi.

Wako akupendaye, hata leo nilivyokasirika,
Mdogo wako