Foleni ya Feliciano

Jumamosi, 7 Septemba 2013

Leo wamefungua geti kwa kila mtu. Kila mtu! Mpaka wiki iliyopita kiwanja chetu cha mazoezi ya gofu kilikuwa cha mainjinia wa gesi tu. Jumatano na Ijumaa, wanne au watano, kila mmoja na mkeka wake wa plastiki na kikapu chake cha mipira, na mimi nyuma yao na glovu yangu mkono wa kushoto. Kimya. Unasikia fimbo inavyokata hewa. Gofu ni kimya — aliniambia hivyo yule injinia mrefu aliyenifundisha, enzi nilipokuwa mwashi hapa hapa, najenga ukuta wa lodge.

Leo wamekuja madereva, makarani wa benki, wauza simu, na bwana harusi na bibi harusi na mpiga picha wao. Kuku wanachomwa, redio inapiga kelele. Dereva mmoja kashika fimbo kama anapalilia mihogo.

Dona Margarida, meneja wetu, anasema mainjinia wanakuja na kuondoka, watu wa Palma wapo. Haya. Lakini kwa nini kamleta Feliciano? Juzi tu alikuwa anabeba abiria kwa pikipiki sokoni! Mtu wa Mueda, wa bara huko, hajui gofu, hajui kusimama. Mabega yenyewe membamba, kama kuku aliyenyeshewa. Kapewa mkeka jirani na wangu, na anaitwa mwalimu kama mimi.

Nimemsimulia Alima jioni. Mke wangu kacheka sana — akicheka maneno ya Feliciano niliyomsimulia, si yangu. Zamani aliwahi kuniomba nimpeleke akaone kiwanja. Nilimwambia si pahala pa wanawake. Hajaomba tena.

Jumapili, 8 Septemba

Feliciano kapanga mapipa matupu ya mafuta pale mbele, karibu kabisa, kayapaka rangi nyekundu na njano. Ukilipiga pipa linalia, na unapewa soda. Vibao vyangu vya mita mia na mia na hamsini vimesimama kule nyuma, hakuna anayevitazama.

Foleni yake ilifika mpaka kwenye jiko la kuku. Kwangu alikuja karani mmoja wa benki, na huyo alikimbia jua tu. Nikamfundisha sawasawa: miguu, magoti, kidole gumba. Hajapiga hata mpira mmoja akaniambia, "Senhor, com licença, samahani, nikajaribu pipa kwanza." Akaenda. Hakurudi!

Sina wivu. Wivu wa nini? Nasema tu kwamba yule hajui. Paa! Paa! Nakula wali nyumbani na bado nalisikia lile pipa.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya mainjinia. Nilifua glovu tangu jana. Yule mrefu kapiga mipira michache, kayaona mapipa, kauliza ni ya nini. Halafu kapiga. Paa! Karuka juu na kupiga makofi. Mwalimu wangu mwenyewe! Kadai na soda yake.

Jumapili, 15 Septemba

Leo wamekuja wanawake. Bi Zainabo, mkubwa wa kikundi cha ngoma ya tufo, na wenzake wawili, na matari yao mkononi kana kwamba wamepita tu wakitoka kwenye ngoma. Dona Margarida akanisukuma, haya Adamo, wapokee.

Nikafanya nilivyofundishwa. Injinia alinifundisha kwa kusimama nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu, tukapiga pamoja. Nikasimama nyuma ya Bi Zainabo. Sijamgusa bado — nimenyoosha mikono tu! Akageuka, fimbo juu.

"Mwanangu, mamako alikuzaa pwani hii au ulishushwa na meli?"

Kiwanja kizima kikacheka. Bado masikio yananiwaka. Basi nikamwambia Dona Margarida, ndiyo maana nilisema si pahala pao.

Feliciano akawaita kwake. Akasimama mbali, mikono nyuma. Hakuwashikia fimbo, hakutaja magoti. Kawauliza tu: nyumbani mnatwanga? Basi twangeni. Mchi hausukumwi, mama zangu, mchi unaachiwa. Ila leo kinu kimelala ubavu. Bi Zainabo akacheka, akaachia, mpira ukaondoka umenyooka. Umenyooka kabisa! Ni bahati. Mtu hafundishwi gofu kwa kinu.

Nilipomweleza Alima, nikamweleza kwa kulalamika, lakini yeye maswali tele. Wanasimama vipi? Kichwa wanaangalia wapi? Huyo Feliciano anasemaje hasa, hebu rudia. Nikarudia! Mjinga mimi. Baadaye nimemkuta uani anatwanga mtama, kageuza kiuno, anacheka peke yake. Anamcheka nani? Anamchekea nani?

Jumanne, 17 Septemba

Leo asubuhi Alima kaniwekea kamba mgongoni, bega hadi bega. Nikauliza, vipi? Eti anapima kamba ya kuanikia nguo. Kacheka. Mikono yake ilikuwa na joto. Nimekwenda kazini nikipiga mluzi, hata Feliciano nikamsalimu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nilikuwa natafuta suruali yangu kwenye sanduku. Chini kabisa kuna kapulana mbili mpya, vitenge vya kujifunga, za buluu, zenye michoro ya korosho za njano. Harufu ya dukani bado. Sikuzinunua mimi.

Nimefikiri labda sare ya kikundi. Lakini kikundi chao kina sare ya kijani, wameinunua Idi hii iliyopita, ingali mpya. Mwanamke wa pwani hapati kapulana kwa upepo. Kuna aliyempa, na anayempa mwanamke kapulana hampi nguo tu, kila mtu hapa anajua hilo.

Sikumuuliza. Nilirudisha sanduku kama lilivyokuwa. Alima kanipakulia samaki, mchuzi mtamu, na mimi nimekula macho kwenye sahani. "Unaumwa?" Siumwi.

Jumamosi, 21 Septemba

Ee Mola.

Feliciano kaja na shati jipya. Buluu. Korosho za njano.

Kila mtu kalisifu. Dona Margarida kauliza, que bonito, zuri hilo, umenunua wapi? Feliciano kajishika kola: "Sijanunua. Zawadi ya mwanafunzi." Halafu kaniangalia, kashusha macho. Kashusha macho! Mtu asiye na kosa anashusha macho kwa nini?

Nikachukua fimbo kubwa. Sijui nimepiga mipira mingapi. Sikuangalia miguu, wala magoti, wala kidole. Mmoja ukaenda chini chini, ukagonga pipa. Paa! Watu wakashangilia, foleni yote ya Feliciano ikanipigia makofi, na yeye mwenyewe akaniletea soda, amevaa shati lile. Sikuinywa.

Wamekutana wapi? Sokoni? Alima alipanda pikipiki yake? Maswali yote yale ya Jumapili — wanasimama vipi, anasemaje hasa — na mimi nikawa tarishi kati yao!

Jumatatu, 23 Septemba

Alima alikwenda kisimani. Nikafungua sanduku.

Kapulana moja imekunjwa nzima. Ya pili imechorwa chaki. Shati! Mgongo, mikono, shingo, vyote vimechorwa. Kwa hiyo anamshonea la pili. Kwa cherehani niliyoileta mimi kutoka Mocímboa, nikiipakata kwenye chapa, basi dogo limejaa watu!

Nimeichukua hiyo ya chaki. Nimekwenda nayo kiwanjani ndani ya mfuko wangu wa kazi, nikakaa nyuma ya kibanda, nikaikata vipande. Kila kikapu kina kitambaa cha kufutia mipira. Basi leo vikapu vyote vina vitambaa vipya, vya buluu, vina korosho. Mkasi ulikuwa butu, nikamalizia kwa mikono. Nimeona raha. Nasema kweli, nimeona raha kuliko siku nyingi.

Feliciano kaja kuchukua kikapu. Kakiona kitambaa. Kasimama.

"Kaka Adamo, hiki umekitoa wapi?"

"Kwangu. Kwani chako?"

Kafungua kinywa, kakifunga. Kasema tu, ungeuliza kwanza, kaka. Kaondoka na kikapu. Nimempata! Leo hakutania na mtu mpaka kufunga.

Ijumaa, 27 Septemba

Alima kapekua sanduku lote, kanga chini, mashuka chini. Kaniuliza nimeona kapulana yake moja. Nikasema, mimi na kapulana wapi na wapi? Nikamwangalia machoni nione atasema nini. Kakaa juu ya kitanda, mikono mapajani.

Nilidhani nitafurahi.

Halafu akajitanda, akasema anakwenda kwa Zuleica, rafiki yake. Karudi kabla ya magharibi. Kasema, "Basi, haidhuru." Kanawa, kaswali. Cherehani ameifunika.

Jumapili, 29 Septemba

Naandika hapa hapa kiwanjani, nyuma ya kibanda. Nimewaambia nafuata mipira.

Saa tatu tulisikia matari kutoka barabarani. Dona Margarida akatoka ofisini, wapishi wakaacha kuku. Bi Zainabo mbele, na nyuma yake kikundi kizima cha tufo, wamejipanga, nyuso zimepakwa msiro mweupe. Na sare mpya. Buluu! Korosho za njano! Wote! Mpaka matari yamefungwa utepe wa kitambaa hicho hicho. Na wa tatu kwenye mstari, uso mweupe, anaimba kwa sauti ile ninayoijua — mke wangu.

Walipanga foleni kwa Feliciano. Akawagawia fimbo zote tulizonazo, akawapanga kwenye mikeka yote. Matari yakaanza. Wakaimba, wakainama, na kwenye pigo la tari wakaachia, wote kwa mara moja. Mipira ikaruka kama kundi la ndege. Mapipa yakalia mpaka hukujua lipi ni lipi. Wa Alima ulikwenda mbali. Mbali, mpaka karibu na kibao changu cha mia! Sikumfundisha mimi. Kajifunza kwenye kinu, kwa maneno niliyomrudia mwenyewe, mezani kwangu.

Nikamwendea Bi Zainabo. Nikamuuliza, sare hii ni ya nini, si mna ya kijani?

"Ya kijani ya harusi. Hii ya gofu." Akanishangaa. "Wapiga matari wetu wa kiume hatuwashonei mashati ya sare? Na walimu je? Tumekata vitambaa viwili, chako na chake. Chake kashona Zuleica. Chako mkeo alikataa, kasema mume wangu nitamshonea mwenyewe, na asiambiwe mtu. Tukawaapisha wote, na huyu mtu wa Mueda tukamwapisha. Mbona hujalivaa? Au halijakutosha?"

Nimezaliwa hapa! Tangu mtoto naona wapiga matari wakivaa kitambaa cha wanawake wao. Ningemwona mtu mwingine yeyote na lile shati ningejua papo hapo. Lakini ni Feliciano aliyelivaa, na mimi nilikuwa simtazami mtu, natazama foleni yake.

Nikageuka nikamwona Alima ameinama kwenye kikapu. Kikapu changu. Alitaka mpira mwingine. Kachukua mpira, kachukua kitambaa, kaufuta. Halafu kaacha kufuta. Kakikunjua kile kitambaa taratibu, kakiweka juu ya mkono wake, kafuata mstari wa chaki kwa kidole.

Kaja mpaka niliposimama. Hakupaza sauti, hata wenzake hawakusikia.

"Huu ulikuwa mkono wa kulia," kasema.

Kakitundika kitambaa begani, kapita mbele ya mkeka wa Feliciano bila kusimama, kaja kusimama kwenye wangu. Kaweka mpira. Kasema kwa nguvu sasa, watu wote wasikie:

"Haya, mwalimu. Mimi bado sijui. Nifundishe."

Bi Zainabo kamwona, akaja kusimama nyuma yake. Na Zuleica nyuma ya Bi Zainabo. Na wengine wote, na madereva, na yule karani wa benki. Foleni, kwenye mkeka wangu! Imefika jiko la kuku, imepinda. Feliciano kabaki peke yake kwake, shati lake limemkaa vizuri, ananitazama na hacheki.

Ndipo nikasema nafuata mipira.

Hapa nyuma nimevikusanya vile vitambaa, vile nilivyovipata. Nimeviunganisha chini mchangani, mgongo na mgongo, chaki na chaki. Si mabega ya Feliciano haya. Mapana. Bega hadi bega, kamba ya kuanikia nguo.

Vikapu vyote hapa vimejaa mipira, mtu yeyote akichungulia ataona. Matari yamenyamaza. Alima ananiita tena. Mwalimu, anasema, watu wanakusubiri. Hajasema Adamo.