Yaya, mstari wako nimeufuta

Yaya Kalenga, kaka yangu mkubwa,

Walinichukua. Najua ndilo jambo ambalo ungeuliza kwanza, kwa hiyo nalitanguliza, ingawa halikuja na furaha tuliyoitegemea. Tangu mwezi wa sita mimi ni mwanafunzi wa programu katika chumba cha mashine, ile kompyuta ya kampuni ya shaba, mwanamke wa kwanza kukaa upande ule wa kioo. Upande wa pili wamebaki wenzangu wa zamani, wale mama na dada wanaotoboa kadi kutwa nzima, na nikipita wananipungia mkono. Nimepewa meza yako. Hawakuondoa kitu hata kwenye droo. Nilikuta penseli zako, zote umezichonga ncha mbili.

Leo ni Jumamosi, tumetoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka, mikono bado ina harufu ya majani. Niko kwa baba, mtaa wa Hewa Bora, kwenye chumba cha nyuma. Mama anatwanga majani ya muhogo ya sombe uani. Nimemwambia naandika kazi ya ofisi.

Ni wewe uliyeniombea nafasi kwa mkuu wetu, citoyen Ilunga, kama serikali inavyotaka tuitane. Ulimwambia mdogo wako anatoboa kadi vizuri ila anauliza maswali mengi, na ni afadhali aulize akiwa karibu na mtu mwenye majibu. Akakubali, kwa masharti: nije baada ya zamu yangu, saa nane mchana, nisiguse kitu, nisiseme neno mashine ikiwa inasoma. Msimu mzima wa mvua nilikaa juu ya sanduku la karatasi kando yako, nimevaa sweta yako kwa sababu ya baridi ya chumba kile, nikitazama mikono yako. Ulikuwa ukisikia mlio wa mashine ya kuchapa na kusema, bila kugeuka, kazi gani inapita. Mimi nilisikia kelele tu. Kufikia Januari na mimi nilianza kutambua orodha ya mgao wa unga kwa mlio wake, sikukuambia, niliogopa utaniona najivuna.

Unakumbuka siku ya ngazi? Ulinipa sanduku la kadi nilipeleke juu, ukavunja masharti ya mkuu kwa mara ya kwanza, nami nikateleza. Kadi zilishuka hadi mlangoni. Kila kadi ni mstari mmoja wa programu, na mpangilio ukipotea, programu imepotea. Citoyen Ilunga alitoka akauliza nani. Ukasema ni wewe. Alikukaripia wewe, mtu mzima mwenye watoto watatu, mbele ya yule Mbelgiji mtaalamu wa mashine, nawe ukakubali kwa kichwa. Halafu tulipiga magoti wote wawili tukazipanga hadi jua likazama, na ulipomaliza ukachukua kalamu nene ukachora mstari wa mshazari juu ya fungu zima, ili siku nyingine zikianguka jicho lionyeshe ipi imekaa vibaya. Hukunisema. Ulisema tu, "Sasa unajua sababu ya mustari."

Na zile Jumapili nyumbani kwako, kambini kwa wafanyakazi! Ulivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ukakaa nyuma ya meza ya kulia, ukawa mkuu, ukaniuliza maswali ya mahojiano kwa Kifaransa cha ofisi. Mulamu wangu Kapinga, mkeo, alikuwa jikoni anasonga bukari, akicheka hadi mwiko unasimama. Ulinifundisha kukaa bila kushika pagne niliyojifunga kiunoni, kutazama anayeuliza, kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Siku moja ulinitaka nichore hatua za foleni ya bomba la maji: nani anaanza, nani anafuata, ndoo ikijaa inakuwaje. Nilichora vizuri, nikajisifu. Ukauliza, "Na kama maji inakatika?" Sikuwa nimeliandika hilo. Ukasema kazi yetu yote iko hapo, katika siku maji yanapokatika. Na ukasema tena, "Bakikuuliza kintu haujue, sema haujue. Usitunge."

Halafu ikaja ile homa ya mwezi wa nne. Macho yakawa ya manjano siku ya Jumatatu, na Ijumaa tulikuwa tunatafuta mbao za sanduku. Sina la kuongeza. Nilikuwa nimeshika mguu wako, Yaya, sijui kama ulijua ni mimi.

Wiki mbili baada ya kukuzika nikaitwa kwenye mahojiano. Sikutaka kwenda. Kapinga, kichwa bado kimenyolewa kwa ajili ya kilio, alininyooshea pagne akanisukuma mlangoni. "Wende, Ngalula. Ni yeye alikutayarisha."

Walikuwa watatu: citoyen Ilunga, Mbelgiji, na bwana mmoja wa Chama mwenye beji kifuani. Yule wa Chama aliniuliza kwanza kama nina mchumba, nitaolewa lini, na nikianza kuzaa nani atakaa kwenye meza. Hilo hatukulifanyia mazoezi hata Jumapili moja. Halikukujia akilini, wala mimi halikunijia. Nikasema sijui. Aliandika kitu kirefu.

Nikaona kazi inaponyoka. Ndipo Mbelgiji akanisogezea karatasi iliyochapwa, kurasa mbili, akasema hii ni programu ya nyumba za kambi, idara ya nyumba inalalamika kwamba nyumba zinarudi kwa kuchelewa, hakuna aliyepata muda wa kutafuta sababu. Akanipa robo saa.

Niliitambua kabla sijasoma. Pembeni kulikuwa na herufi zako ndogo za penseli.

Wewe wajua sheria ya kampuni: mfanyakazi akifa, familia inakaa miezi mitatu, kisha inatoa funguo. Programu yako ilihesabu ile miezi mitatu, ndiyo, lakini haikuanzia mwezi wa kifo. Ilianzia mwisho wa mwaka. Aliyekufa Februari, mke wake alikaa hadi Machi ya mwaka uliofuata. Nililiona haraka sana, Yaya. Uliniandaa vizuri mno. Nilinyamaza kidogo kama ulivyonifundisha, nikajiambia marehemu hakosewi heshima kwa kosa dogo la kuhesabu, hata wewe ungependa nilione. Nikaweka kidole kwenye mstari. Nikaeleza. Mbelgiji akapiga meza kwa kiganja, akamtazama wa Chama kana kwamba ameshinda mchezo. Citoyen Ilunga alitazama dirishani.

Nilikuwa nimeshafika barabara ya reli, natembea kwa miguu nikiwa na furaha, ndiyo, nilikuwa na furaha, ndipo nilipokumbuka. Januari niliwahi kukuuliza juu ya mstari uleule. Nilikuwa kwenye sanduku langu, nikanong'ona: mbona hapa unaanzia Desemba? Ulifunika karatasi kwa kiganja, pole pole, ukasema, "Achana nayo ile. Iko bien vile iko." Nilidhani umechoka.

Nilikaa chini pale kwenye mawe ya reli na pagne yangu safi.

Sasa niambie. Lilikuwa kosa? Ulikuwa huniachi, mimi wa juu ya sanduku, nikosee hata nukta, ungeacha miezi mizima ipite miaka yote hiyo? Au ulikuwa unawaficha wale mama wajane humo ndani, mmoja mmoja, mahali ambapo hakuna mkubwa anayesoma? Nimepekua droo zako zote. Hukuandika popote. Nageuza hivi, nageuza vile, na mtu pekee wa kunijibu ndiye ninayemwandikia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuusahihisha. Ni kadi moja tu. Niliitoboa mwenyewe, kwa sababu nilikuwa najua kutoboa, nikaitoa yako katika fungu nikaweka yangu. Mwezi wa saba tukaiendesha. Mashine ilichapa familia kumi na moja za kutoka. Ya nne ilikuwa na namba yako.

Nilikwenda kwa citoyen Ilunga na karatasi mkononi. Nilisema ni watoto watatu, Mbuyi hajamaliza hata mwaka wa pili wa shule. Hakunifukuza. Alifunga mlango, akakaa, akavua miwani. "Mutoto wangu, mimi nilijua siku mingi," alisema. "Nilikuwa nanyamaza. Lakini sasa Muzungu anaangalia orodha ile na macho yake." Kisha akanirudishia karatasi, akaniambia niipeleke idara ya nyumba. Niliipeleka. Ni mimi niliyeipeleka, kwa miguu yangu, Yaya, nikapewa sahihi ya kuipokea.

Wamehamia Kasungami, kwenye shamba la mjomba wake Kapinga. Vyumba viwili, na paa halijafika mwisho. Mbuyi anatembea saa nzima kwenda shule na anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Kapinga amelima matuta ya viazi, viganja vyake vimepasuka. Kila nikienda ananisifu mbele ya majirani kwamba huyu ndiye mulamu wangu anayeiamrisha mashine, kazi ya marehemu haikupotea. Wale majirani wananitazama kwa heshima. Nakula viazi vyake. Anadhani nyumba ilichukuliwa na kampuni, hivyo tu, kama mvua inavyochukua udongo.

Nimefikiria kuurudisha mstari. Nimefikiria kuacha kazi. Nikiacha, atakuja mwingine, na kadi yangu itabaki humo inahesabu sawasawa. Nikiurudisha, wataniona mwezi huohuo, na hakuna familia itakayorudi. Nimechora hatua zote kwenye karatasi kama ulivyonifundisha, kila njia nimeifuata hadi chini. Hakuna inayofika kwenu.

Pumzika, Yaya. Sweta yako bado naivaa mle ndani. Sikuombi msamaha kwa sababu sijui bado nimekukosea wapi hasa, kwenye mstari au kwenye kutokukusikia Januari.

Ila kuna jambo moja lililo mikononi mwangu. Kesho naenda Kasungami na unga na madaftari ya Mbuyi. Nitamwambia Kapinga ni kidole cha nani kilichouonyesha mstari ule. Nakuahidi nitasema nikiwa bado nimesimama, kabla hajaniletea kiti.

Mdogo wako,
Ngalula