Aliponiruka Kwenye Foleni

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Fairfield, huku ughaibuni, tumepona korona, na mama yako mdogo amerudi kazini. Unauliza kwa nini nihangaike kupiga kura wakati sisi Waafrika ni wachache huku.

Nikiwa msichana kule Kongo, karani wa uchaguzi aliniuliza kabila kabla ya jina. Alipolisikia akafunga daftari bila kuniandikisha. Nililia njia nzima.

Jumamosi nilipokwenda kupiga kura, mgawa vipeperushi vya wagombea aliwapa Wazungu wote kwenye foleni, akaturuka mimi na jirani yangu Mwiraki. Eti sisi wapita njia! Nikavuta barakoa chini: “Mimi ni raia. Changu kiko wapi?”

Akaniomba radhi, akanipa. Nikamrudishia palepale bila kukisoma. Nilitaka anihesabu tu.

Bibi yako