Tumebaki Wawili Kundini

Mtani wangu Bakari,

Hali yako siiulizi, maana huko uliko hakuna tembo. Ya kwetu Kilimarondo nitakueleza, nawe ucheke.

Unakumbuka tulivyohangaika, wewe Myao na baiskeli yako, mimi Mmwera na kalamu yangu. Niliandika barua za kuomba askari wa wanyamapori, ukazunguka mashambani kukusanya sahihi, kisha tukazipeleka Nachingwea. Jibu lilikuwa lile lile: leteni ushahidi. Ushahidi wenyewe ulikuwa umekwisha kula na kurudi porini.

Siku hizi ushahidi hupigwa picha ukiwa bado unatafuna. Baada ya kukuzika, tuliunda kundi la simu la wakulima, nikachaguliwa mwenyekiti. Bi Asumini akimwona tembo shambani, hupanda kichuguu penye mtandao, na kabla hajashuka picha imefika wilayani. Kwa picha hizo maofisa walikubali kuja kwangu Jumanne saa tatu, mradi wawakute wakulima wengi. Wakikuta wachache, shauri limekwisha. Nawe unawajua watu wetu: kumi huahidi, watatu huja.

Jumatatu alasiri niliitisha kikao humo humo simuni. Nilisoma ajenda, nikahesabu akidi, nikakataza kusema bila ruhusa. Mwisho nikaandika: "Kikao kimefungwa." Na kwa kuwa kikao kikifungwa watu hutoka, nikawatoa kundini mmoja mmoja.

Nilipofika kwenye jina lako, kidole kilikataa. Namba yako sasa anaitumia binti yako Zuhura, aliyeko sokoni Ruangwa, ila simuni mwangu bado imeandikwa jina lako. Punde jina lako likatokea na maneno haya: "Baba Mwalimu, mbona tumebaki wawili?"

Bakari, niliketi chini. Nilijua ni Zuhura. Hata hivyo niliketi.

Kesho yake, saa moja asubuhi, ua wangu ulifurika. Kila mmoja alidhani amefukuzwa peke yake, hata wale wasiohudhuria kikao chochote. Bi Asumini alitangulia: "Mwalimu, tembo wamenilia mahindi, na wewe unanilia jina?" Mjomba wako akadakia: "Mwacheni! Mmwera ukimpa mlango, lazima aufunge!" Walikuwa bado wananigombeza maofisa walipoingia. Walisema hawajapata kuona wakulima waliojipanga vizuri namna ile. Mungu anisamehe, sikuwasahihisha.

Sasa askari wawili wamepiga hema karibu na kisima, na mahindi ya mwaka huu tumeyavuna sisi wenyewe. Zuhura aliwarudisha wote kundini, akaninyang'anya mamlaka ya kumtoa mtu. Ulikuwa ukisema, "Mwalimu, wewe hata kaburini utadai akidi itimie." Basi nitakapokuja tutakuwa wawili, nayo itatosha.

Pumzika, mtani. Nakuahidi jina lako halitatoka kundini maadamu niko hai. Vikao vyote nimevifunga, chetu sijakifunga.

Mtani wako,
Mwalimu Kasiani