Besi Inayokuja na Kuondoka

Jumatatu, 3 Machi

Tumepata! Kiongozi kaja na habari leo jioni, hata viatu hajavua: ule mgahawa wa ghorofani, kila Ijumaa na Jumamosi, kuanzia mwisho wa mwezi. Bendi ya watu wanne, tuliozoea kuitwa siku moja na kusahaulika mwaka mzima, sasa tuna mahali petu. Wifi yangu — ndiye mpiga ngoma wetu — alirusha kijiti juu, akashindwa kukidaka, kikamtua mwimbaji kichwani. Hata mwimbaji kacheka.

Sharti moja. Chumba ni kidogo, watu wanataka kula na kuongea, kwa hiyo mwenye mgahawa hataki kuona spika kubwa. Wote wakageuka kunitazama. Najua! Amplifaya yangu ya besi tunaiita Friji, na si utani. Mume wangu kaweka vyungu vya maua juu yake. Haipandi zile ngazi bila kumvunja mtu mgongo.

Basi natafuta kombo ndogo, amplifaya na spika ndani ya sanduku moja, la kubeba kwa mkono. Dogo kwa umbo, lakini besi iwe besi.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoroka kazini saa ya chakula, nikaenda duka la vyombo vya muziki na gitaa langu mgongoni. Muuzaji ana masharubu kama brashi ya viatu na subira ya ajabu. Kanipangia tatu sakafuni, kanipa kiti, kasema, piga dada, mimi nahesabu nyuzi zangu hapa.

Ya kahawia: nzito, lakini imefumbata maneno. Kila noti inamkanyaga mwenzake kisigino.

Ya kijivu: nyepesi kweli, naibeba kwa vidole. Sauti yake inatokea puani. Kila noti unaisikia wazi, ila chini hakuna kitu, kama mtu anayeongea vizuri huku ana njaa.

Nyeusi: jamani! Sanduku lenyewe ni sawa na kigoda. Nikagusa uzi wa nne, ule mnene, sauti ikaja taratibu, ya mviringo, ikakaa tumboni. Nikapiga tena. Nikasahau kula. Muuzaji kaacha kuhesabu.

Ni nyeusi. Lakini Jumamosi nitarudi na wifi, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya kazini. Pale mapokezi ya kliniki ya macho simu naishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uandike. Leo wagonjwa wote wanaongea kama wamo mtungini. Mzee mmoja kanitajia jina lake mara tatu nikaliandika vibaya mara tatu. Nimemwita fundi wa simu. Kaijaribu, kasema simu ni nzima.

Sikio la kushoto limeziba. Maji ya kuoga, nadhani. Na linanguruma, kama jirani kawasha mashine ya kusaga asubuhi na hataki kuizima.

Jumamosi, 8 Machi

Nimegombana dukani. Mimi! Ambaye hata nikikanyagwa ndiye ninayesema samahani.

Nyeusi siyo ile. Nilikaa, nikapiga uzi wa nne — hamna. Sauti imekonda, halafu imepinda, kana kwamba noti mbili zinagombea kiti kimoja. Nikakaza uzi. Nikalegeza. Wifi akasema, mbona unaharibu, ilikuwa sawa? Nikamwuliza muuzaji kama kabadilisha spika. Kaapa. Kabadilisha waya, kahamisha plagi, kalisogeza sanduku mbali na ukuta. Bado.

Wifi akasema besi imejaa mpaka anaisikia kifuani. Nikamwambia labda masikio yake yamezoea ngoma. Akacheka: "Wifi, sikio la kufa halisikii dawa!"

Nikatoka bila kuaga. Kituoni ndipo akanifikia, kanishika mkono. Simu mbovu, duka bovu, wifi mbovu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, marehemu mama angesema. Lakini jua lenyewe leo kweli lilikuwa baya!

Jumatatu, 10 Machi

Nilikuwa nakata vitunguu. Jikoni pakaanza kuzunguka. Si kichwa, ni jiko lenyewe, kabati, dirisha, vyote vinaenda kushoto bila kufika. Nikakaa chini na kisu mkononi. Mume wangu karudi toka kazini na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi — ni fundi marumaru — kanikuta nimelala kwenye sakafu aliyoipanga mwenyewe. Nikatapika kwenye ndoo yake.

Mama mkwe kapiga simu. Kusikia kizunguzungu na kutapika tu, kapiga kigelegele. Nimemwambia mama, nina miaka arobaini na mitatu. Kasema Mungu hana kalenda.

Jumatano, 12 Machi

Niandike polepole.

Nilirudi dukani kuomba radhi. Muuzaji kaniwahi, kasema yaliyopita si ndwele, kaiwasha nyeusi mwenyewe. Bado imepinda. Nikainama kuchukua waya, nywele zikanasa kwenye hereni ya kulia, nikaziba sikio hilo kwa kiganja huku mkono mwingine unagusa uzi.

Besi ikaondoka. Haikupungua. Iliondoka. Nilisikia ukucha kwenye uzi, nikasikia gari nje, lakini noti yenyewe haipo.

Nikaziba la kushoto. Noti hiyo hapo! Mviringo, tumboni, ile ile ya Jumatano iliyopita.

Kulia. Kushoto. Kulia. Sijui nilifanya hivyo kwa muda gani. Nikamwomba muuzaji azifiche zote tatu nyuma ya pazia la stoo, awashe moja moja bila kuniambia. Kwa sikio la kulia sikukosea hata moja. Kwa la kushoto, kahawia na nyeusi zote ni ngurumo tupu. Kijivu peke yake ndiyo niliyoweza kuifuata kidogo, kwa sababu ya ile sauti yake ya puani.

Alipotoka nyuma ya pazia alinitazama, akaelewa. Hakuniambia pole. Alivuta kiti changu mbali na mlango, watu wasinione, akaenda kumhudumia mteja wa filimbi. Nikalia kwa raha zangu.

Kumbe sanduku halikuwa na kosa lolote.

Alhamisi, 13 Machi

Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka mara moja. Kasema kwa miezi sasa nikilala kwa ubavu wa kulia ananiita siitiki, akadhani nimenuna. Akawa ananunua matunda! Nikakumbuka yale maembe, yale mapapai yasiyo na sababu. Tulicheka mpaka akakaa. Kisha kaniuliza taratibu, na muziki? Nikamwambia sijui. Kasema basi Jumanne twende wote kwa daktari wa masikio.

Jumanne, 18 Machi

Kibanda cha kupimia hakina mwangwi hata kidogo. Ukikohoa kikohozi kinafia mdomoni. Wananivisha vidude masikioni, nikisikia mlio nabonyeza. Sikio la kulia nilibonyeza kama mtoto na kengele ya mlango. La kushoto nilikaa, nikakaa, nikaona kupitia kioo mpimaji anageuza nobu na mimi sina cha kubonyeza.

Daktari wa masikio ni mama mnene mwenye sauti ya chini, ya kupendeza, nikawaza angeimba vizuri. Kanieleza bila kuzunguka. Maji ya ndani kabisa ya sikio yanazidi, yanabana. Sauti nzito ndizo zinazotangulia kupotea. Siku nyingine zinarudi, siku nyingine hapana, na kadiri miaka inavyokwenda huenda zikachoka kurudi. Kizunguzungu ni ndugu wa ugonjwa huo huo. Nipunguze chumvi, kahawa, na makelele.

Akauliza kazi yangu. Nikasema mapokezi. Mume wangu akasema, mwambie na nyingine. Nikasema napiga besi.

Daktari aliweka kalamu chini. "Pole, mama. Kati ya vyombo vyote!"

Nikapenda kwamba alisema hivyo. La kulia ni zima. Hawezi kuapa kuhusu kesho, ila leo ni zima. Hakunikataza kupiga. Kasema amplifaya ndogo ni heri, na niiweke upande mzuri.

Alhamisi, 20 Machi

Wifi kaja asubuhi kabla sijavaa. Kaka yake kamwambia. Kasimama mlangoni na macho mekundu, anasema ile methali, wifi, ile methali, ningeumeza ulimi. Nikamwambia methali haikuwa mbaya, ilikuwa imewahi tu. Akacheka huku analia, kamasi zikamtoka, nikampa taulo la vyombo.

Kisha akarudi kuwa yeye. Kasogeza meza yangu ukutani, kapanga vikombe kuwa bendi. Ngoma kulia kwangu, si kushoto tena. Kombo kulia, juu ya kiti, ielekee shavuni. Na tutakubaliana ishara. Akiinua nyusi, niongeze. Akikunja uso, nipunguze.

"Na Kiongozi?" akauliza.

Nikamwambia bado. Kiongozi ni mtu mwema, lakini mwezi jana alisema ana binamu anayepiga besi, yupo tu nyumbani, hana kazi. Alisema kwa mzaha. Mzaha huo sasa unanitembelea kila ninapopiga mswaki.

Jumamosi, 22 Machi

Sikio limefunguka! Nimeamka nasikia maji yakishuka kwenye bomba la ukutani, manene, matamu. Nikamchukua wifi mpaka dukani.

Na hapa ndipo palipo pagumu. Nyeusi leo ni nyeusi ile, inanyanyua nywele za mikono. Lakini siku sikio likiziba, nyeusi ndiyo inayonipotea na kupinda. Kijivu siku hiyo nitaifuata. Niichukue ninayoipenda, au nitakayoisikia?

Wifi kasema nyeusi, watu wanakuja kusikiliza, hawaji kunihurumia. Dakika moja baadaye kasema hapana, kijivu, maana nikipotea katikati ya wimbo ngoma zake zitamfuata nani? Muuzaji kapangusa masharubu. Kasema chukua zote mbili, kazijaribu na wenzako, uje unione tena wiki ijayo. Kila nikimshukuru ananiuliza kama nataka na waya.

Jumanne, 25 Machi

Mazoezi nyumbani kwa Kiongozi. Kwanza kijivu. Niliisikia kila noti, sikutetereka. Mwimbaji katikati ya wimbo kanyamaza, kasema samahani, nahisi kama naimba kwenye nyumba isiyo na sakafu. Tukaweka nyeusi. Sakafu ikarudi. Mwimbaji kafumba macho, kaenda na wimbo mpaka mwisho, na mtoto wa jirani aliyekuwa analia akanyamaza. Ndivyo besi inavyotakiwa kufanya! Watu wasijue kwa nini wametulia.

Kiongozi kasema nyeusi, hakuna mjadala. Kaniuliza ile nyingine nilileta ya nini. Nikasema ni nyepesi kubeba.

Wifi alitazama ngoma zake.

Ijumaa, 28 Machi

Niko mgahawani, ghorofani, chumba kidogo cha kuwekea vitambaa vya meza. Saa kumi jioni. Tunaanza saa moja.

Sikio limeziba tangu mchana. Nilikuwa naongea na simu, mgonjwa kaingia mtungini katikati ya sentensi. Nikahamisha simu kwenda kulia, nikamalizia. Kizunguzungu hakuna, namshukuru Mungu. Ngurumo tu.

Nimeleta nyeusi. Mume wangu kaipandisha ngazi kwa mkono mmoja, akipiga mluzi, kaiweka kulia kwangu juu ya kiti. Tumejaribu nyimbo mbili. Wa kwanza uzi wa nne ulipinda, nikawa natembea juu ya bati lililolegea. Nikaacha kuusikiliza. Nikafuata vidole, nikafuata mguu wa wifi kwenye ngoma kubwa, nikatazama nyusi zake. Kapandisha, nikaongeza. Kakunja uso, nikapunguza. Wa pili ulikwenda. Mhudumu aliyekuwa anapanga glasi kaanza kuzipanga kwa mapigo yetu. Kwa hiyo besi ilikuwepo. Ilifika kwake, hata kama kwangu ilifika nusu.

Lakini Kiongozi si mjinga. Kaweka mikono juu ya kinanda. "Nyie wawili mnaongea nini kwa nyusi?"

Wifi kanitazama mimi. Alikuwa na jibu, nililiona mdomoni mwake, uongo mzuri wa kifamilia. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia Kiongozi nitakueleza, nipe dakika. Kasema anashuka kumsaidia mwimbaji na mkoba, akirudi nimwambie. Hakukasirika. Alionekana kuogopa kidogo, kama mtu aliyeitwa na daktari.

Nimejaribu sentensi hapa peke yangu. "Kiongozi, sikio langu moja limeanza kuondoka." Hapana, huo ni wimbo. "Kiongozi, mimi ni mgonjwa." Hapana, si hivyo. "Kiongozi, sikio la kushoto halisikii besi. La kulia linasikia. Umesikia mwenyewe wimbo wa pili." Hiyo. Halafu ninyamaze. Kama ana binamu, aseme yeye.

Anapanda ngazi. Viatu vyake navijua. Nimevuta kiti kingine, nimekiweka kulia kwangu, maana lolote atakalojibu nataka nilisikie lote.