Fundi Mwenzake Alijua Maumivu ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana wivu unanila mzimamzima, mume wangu ni fundi wa makochi, na meza ya kukatia vitambaa wanaitumia pamoja na mama mmoja mjane, mcheshi, nyumbani kutwa nasikia fundi mwenzangu hivi, fundi mwenzangu vile, nimevumilia. Juzi akaanguka karakanani, mdomo umepinda, mkono wa kushoto haushiki kitu, nafika hospitali nakuta yule mama ndiye aliyemleta. Daktari akasema ni kiharusi, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda na haitaki kuchelewa, akauliza kama alilalamika maumivu yoyote, nami kwa vile yule kasimama pale nikajibu upesi kwamba hapana, mimi ndiye mke. Sindano iko tayari, yule mama akaingilia.

"Samahani daktari, kabla hajaanguka alishika kifua, akasema kinachanika mpaka mgongoni."

Nikamwambia anyamaze. Daktari akapima presha mikono yote miwili, zikapishana mno, wakampiga picha ya kifua, kumbe mshipa mkubwa unaotoka moyoni umechanika na ndio uliozuia damu kufika kichwani, ile dawa ingemmaliza. Amepasuliwa, yuko hai, na neno lake la kwanza ni kumuulizia fundi mwenzake! Nimewaambia walinzi wa wodi wasimruhusu, mume nikamwambia hajaja. Kwa nini kifua cha mume wangu akijue mwingine? Nikimruhusu, si nimekabidhi nyumba?

Mke Halali

Mke Halali, pole kwa kuuguza. Wivu nauelewa, apendaye huona wivu. Ila hili umelikoroga mwenyewe.

Alikijua kifua kwa sababu kilipouma yeye alikuwa upande wa pili wa meza, wewe ulikuwa nyumbani. Basi. Uliona aibu kusema "sijui" mbele yake, ukamjibu daktari jambo usilolijua. Hapo ndipo mumeo alipokaribia kufa, si kwenye ile meza.

Leo hii nenda ukawaambie walinzi wamruhusu. Mwambie mumeo kwamba mama wa watu alikuja na wewe ndiye uliyemzuia, tena useme kwa upole, maana presha yake haitaki kelele. Kisha wewe na yule mama mkae na daktari, awaeleze dalili za hatari, kwa sababu mumeo atarudi karakanani na wewe hutakuwepo. Ukiwa bado na shaka ya mapenzi, muulize mumeo akishapona.

Umetia sahihi "Mke Halali". Yule mama angenyamaza ulipomwambia, leo ungeniandikia kama mjane.